Kile kijiti cha kujipima HPV nyumbani, kinaaminika kweli?

Swali: "Dokta shikamoo. Nina miaka 38, watoto watatu, chanjo ya HPV, kile kirusi cha kansa ya mlango wa kizazi, sijawahi kuchoma. Nilipimwa mlango wa kizazi mara moja tu, miaka tisa iliyopita, kile chuma cha kupanulia uke kiliniumiza na aliyenipima akanisema mbele ya wanafunzi, nikaapa sirudi tena. Juzi nimesikia kuna kipimo unajichukulia mwenyewe nyumbani na kijiti. Kinaaminika au ni biashara tu? Na kikisoma kwamba kirusi ninacho, ina maana mume wangu anatoka nje? Maana mimi tangu nimeolewa sijui mwanaume mwingine."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hilo la kusemwa mbele ya wanafunzi ukiwa umelala pale miguu juu halikuwa sawa na wala si wewe uliyekosea. Sisi wa hii kazi tumeigeuza ile methali ya mficha uchi hazai kuwa fimbo, mtu akiona aibu anachapwa nayo, akiumia anachapwa nayo, matokeo yake ndo haya, mtu anakaa miaka tisa harudi. Uzuri wa hiki kijiti ni kwamba safari hii hata mficha uchi anapimwa.

Jibu fupi: ndio, kinaaminika. Ila kuna kijiti na kijiti, alafu kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti, nitalifikia huko mbele, nakuomba usiishie katikati.

Kwanza elewa kwanini mtu anaweza kujichukulia mwenyewe bila kuona, wakati ile mara ya kwanza walihitaji taa na chuma. Ni vipimo viwili tofauti kabisa ila watu wanavichanganya. Kile cha zamani, pap smia, kilichoanza kutumika miaka ya 1940, kinatafuta seli zilizoharibika, na hizo seli zinakaa pale kwenye mlango wenyewe wa kizazi, kwaiyo lazima mtu auone mlango, apanguse hapohapo, alafu mtaalamu akae na hadubini azitazame. Huwezi kujifanyia. Sasa kipimo cha HPV hakitafuti uharibifu, kinamtafuta mharibifu. Kinatafuta vinasaba vya kirusi, na kirusi hakijafungiwa pale mlangoni tu, seli zenye kirusi zinabanduka, zinashuka na ute, zinatapakaa ukeni, kwaiyo ukipangusa kuta za uke unazipata. Huna haja ya kuufikia mlango wa kizazi wala kujua uko wapi. Hii ndo inayowapa watu wasiwasi zaidi, "je kama sikufika?", hupaswi kufika.

Na kwamba mharibifu ni HPV hilo halijajulikana zamani sana. Mjerumani Harald zur Hausen alikuwa anasema hivyo wakati wakubwa wengi wanaamini ni kirusi cha hepesi, mwaka 1983 yeye na wenzake wakaipata aina ya 16 ndani ya vinyama vya kansa ya mlango wa kizazi, mwaka uliofuata wakaipata aina ya 18, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel. Aina za HPV ziko zaidi ya 200, nyingi hazina neno, zingine kazi yao kuotesha chunjua mikononi na miguuni tu, kundi la hatari ni kama 14 hivi, na hizo mbili peke yake, 16 na 18, zinabeba karibu asilimia 70 ya kansa zote za mlango wa kizazi duniani. Ndo maana kwenye majibu yako utaona namba hizo mbili zimetajwa pembeni, nyingine zimewekwa fungu moja.

Sasa uaminifu. Mwaka 2018 jarida la madaktari la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi pamoja, na kilichoonekana ni kwamba sampuli aliyojichukulia mwanamke ikisomwa kwa mashine za PCR, zile zinazozidisha vinasaba mpaka vionekane, inanasa mabadiliko ya hatari karibu sawasawa na sampuli iliyochukuliwa na daktari. Zile mbinu nyingine ambazo si za PCR zilipitwa. Kwaiyo hapo ndo kuna kijiti na kijiti: pamba ni pamba, cha maana ni mashine inayoisubiri huko maabara. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2021 linakubali sampuli ya kujichukulia, Uholanzi wanayo kwenye mpango wao wa taifa tangu 2017, Australia tangu Julai 2022 kila mwanamke wa umri wa kupimwa anachagua mwenyewe ajichukulie au achukuliwe, na Marekani walisuasua mpaka Mei 2024 ndo wakaruhusu kujichukulia ndani ya kituo cha afya, kifaa cha kwanza cha kutumia nyumbani wakakiruhusu Mei 2025. Si biashara ya juzi.

Na tusiite kujipima, japo wote tunaita hivyo na mimi pia. Unajichukulia sampuli, kupima kunafanyika maabara. Kipimo ninachokisema hapa hakisomeki bafuni kama cha mimba. Mtu akikuuzia kinachotoa mistari miwili dakika kumi ati ndo HPV, mrudishie. Anayeuza cha kweli muulize sampuli inaenda maabara gani, mashine yao imethibitishwa kwa sampuli ya kujichukulia au ni ile ya daktari tu, majibu yatataja 16 na 18 peke yake au yatasema tu ipo haipo. Akibabaika achana naye.

Namna ya kuchukua ni rahisi kuliko unavyoogopa, wanawake wengi wakimaliza wananiuliza "ndo hivyo tu?" Chagua siku ambayo hauko kwenye hedhi, damu nyingi inavuruga kipimo. Siku mbili kabla usiweke dawa wala krimu yoyote ukeni, usijioshe kwa ndani (kwa ndani usijioshe kabisa hata siku zingine, uke unajisafisha wenyewe, hayo mengine ni kujitafutia fangasi na bakteria). Nawa mikono, simama mguu mmoja juu ya kiti au chuchumaa au lala, vyovyote unavyojiweka pedi ya ndani kama unazitumia. Shika kijiti pale penye alama, usiguse pamba, ingiza taratibu kama sentimita 5 hivi, yaani kama nusu ya kidole chako cha kati na kidogo, kizungushe kwa sekunde 20 au 30 kikigusa kuta pande zote, kitoe, kirudishe kwenye mrija wake, funga. Hakipaswi kuuma. Ukikutana na ukinzani badilisha mwelekeo kidogo ukielekeza nyuma kama unaelekea kiunoni, usilazimishe. Vifaa vinatofautiana, vingine ni brashi, vingine vina maji kwenye mrija, vingine vikavu, kwaiyo karatasi ya maelezo ya kifaa chako ndo yenye kauli ya mwisho, si mimi.

Makosa ninayoyaona hayatokani na uke, yanatokana na meza. Mtu anamwaga yale maji ya mrija akidhani ni ya kuoshea. Mtu anasahau kuandika jina na tarehe. Mtu anafanya vizuri kila kitu alafu mrija unakaa kwenye mkoba wiki tatu. Pangusa na utume, siku hiyohiyo au kesho yake.

Kuna watu ambao hiki kijiti si chao, na hapa nakuomba usome mara mbili. Kama unatoka damu baada ya tendo la ndoa, au damu katikati ya mwezi isiyoeleweka, au hedhi ilishakoma na damu imerudi, au uchafu wenye harufu mbaya usioisha, au maumivu ya nyonga yasiyo na sababu, usinunue kijiti, nenda ukaonwe. Kijiti ni cha mtu asiye na dalili. Mwenye dalili anahitaji mlango wake uangaliwe kwa macho hata kama HPV ni hasi, maana kuna kansa chache za mlango wa kizazi ambazo kipimo cha HPV hakizioni. Mjamzito naye asijifanyie nyumbani, aongee na mkunga wake. Na aliyeondolewa kizazi chote pamoja na mlango wake kwa sababu isiyo ya kansa wala dalili zake, mara nyingi hahitaji tena kupimwa.

Wewe na miaka yako 38 uko katikati kabisa ya walengwa. Mwongozo wa Shirika la Afya unaanzia miaka 30 kwa wanawake wote, na kwa anayeishi na VVU unaanzia 25, kwa sababu huyo hatari yake ya hii kansa ni kama mara sita ya mwingine na mambo kwake yanakwenda mbio. Kwa mwenye kinga nzuri, toka kirusi kukaa mpaka kansa kamili inachukua miaka 15 hadi 20, kwa mwenye kinga dhaifu ni miaka 5 hadi 10. Huo muda mrefu ndo mtaji wetu wote. Ni kansa inayotembea kwa miguu, sisi ndo tunalala: mwaka 2022 wanawake kama 660,000 waligundulika nayo na kama 350,000 wakafa, na wengi hawakuwahi kupimwa hata mara moja.

Haya, majibu. Yakija hasi, pumua. Hasi ya HPV ina nguvu kuliko hasi ya pap smia, mwongozo unakuruhusu kukaa miaka 5 mpaka 10 ndo urudie (mwenye VVU miaka 3 mpaka 5), nchi zingine kama sampuli ulijichukulia wanakuita baada ya miaka 3, fuata ratiba ya wanaokuhudumia. Yakija "haikusomeka" maana yake seli hazikutosha au kuna kilichoharibu, si ugonjwa, rudia tu.

Yakija positivu ndo watu wanapoteza usingizi, kwaiyo nikae hapa kidogo. Positivu haisemi una kansa. Haisemi hata kwamba seli zako zimeharibika. Inasema kirusi cha kundi la hatari kipo. Wengi sana, kama tisa kati ya kumi, mwili unakiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili bila dawa yoyote, na ukweli ni kwamba dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo, ukiambiwa mizizi au mvuke wa kukalia au vidonge vya kuweka ndani vinakiua, huyo amesoma majibu ya watu ambao wangepona vilevile wakinywa maji. Anayetuhangaisha ni yule ambaye kirusi kimekaa hakitoki, na kwa kuangalia karatasi peke yake hatuwezi kumjua ni nani.

Na hapa ndo lile jambo wasilolisema. Ukiwa positivu, kile chuma ulichokikimbia kinarudi. Kijiti kinakuondolea chuma kama huna kirusi, na wasio nacho ndo wengi, hiyo ni faida kubwa kweli. Lakini mwenye kirusi lazima mlango uonekane. Ukiwa na 16 au 18 sehemu nyingi watakupeleka moja kwa moja kwenye kolposkopi, ile darubini ya kukuza, au mahali ambapo haipo watapaka siki maalum pale mlangoni waone kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Ukiwa na hizo aina nyingine wanaweza kuanza na pap smia ndo waamue. Sampuli uliyojichukulia haiwezi kutumika kwa pap smia, maana haikutoka mlangoni, kwaiyo usije ukashangaa ukiitwa ukachukuliwe nyingine ukadhani ya kwanza imepotea.

Nina mama mmoja alijichukulia vizuri kabisa, majibu yakaja positivu, akayaweka kwenye droo miaka mitatu. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kabla kwamba kuna hatua ya pili, alivyosikia chuma akaona amedanganywa. Bahati yake alipokuja ilikuwa bado ni mabadiliko tu, hayajawa kansa, tukamtibu akaenda nyumbani mchana huohuo. Kwaiyo mdogo wangu mimi nakushauri hivi, kabla hujafungua hiyo pakiti ujue kwanza nikiwa positivu naenda kwa nani, jina la kliniki, siku wanazofanya kazi. Kama anayekuuzia kijiti hana jibu la hilo swali basi anakuuzia nusu ya kipimo.

Matibabu yenyewe ya hayo mabadiliko yasikutishe. Kuna kuchoma kwa joto, kuna kugandisha kwa baridi kali, yote ni shughuli ya dakika chache, unahisi kama maumivu ya hedhi, hulazwi. Sehemu ikiwa kubwa au imeingia ndani wanaikata kwa kitanzi cha waya wa umeme baada ya ganzi, na kinachokatwa kinapelekwa maabara. Kizazi kinabaki, mimba unabeba, japo aliyekatwa aje aseme kwa mkunga akipata ujauzito maana hatari ya kujifungua kabla ya wakati inapanda kidogo.

Sasa shemeji. Hili swali naulizwa kuliko hata la kansa yenyewe. Kipimo hiki hakijui nani alimpa nani wala lini. Karibu kila mtu aliyewahi kufanya tendo amewahi kukutana na HPV wakati fulani wa maisha yake, wewe au yeye mnaweza kuwa mliingia nayo kwenye ndoa bila kujua, kirusi kinaweza kujificha miaka na miaka kisionekane kwenye kipimo alafu kinga ikiyumba kidogo kinachomoza. Kwaiyo positivu leo inaweza kuwa ya kabla hamjaonana. Sisemi shemeji ni malaika, sijamuona mimi, nasema tu hiyo karatasi si ushahidi wa kumtia hatiani na wala hasi si cheti cha kumsafisha. Nimeona ndoa zinagombana kwa sababu ya karatasi ambayo haijasema chochote kuhusu ndoa. Na usimburuze akapimwe, hakuna kipimo cha HPV kilichoidhinishwa cha kuchunguza wanaume wasio na dalili. Kondomu inapunguza maambukizi ila haizibi yote kwa sababu kirusi kinakaa kwenye ngozi hata ile isiyofunikwa. Kama mmoja wenu anavuta sigara hapo ndo pa kuanzia, hasa ukiwa wewe, moshi unausaidia mwili ushindwe kukiondoa.

Chanjo: inafanya kazi vizuri kabla mtu hajakutana na kirusi, ndo maana wanachanjwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Hakuna anayekukataza kuuliza ukiwa na miaka 38, ila faida yake kwako ni ndogo, haitibu kirusi kilichokwisha kuingia, na haichukui nafasi ya kipimo. Hela na nguvu zako ziweke kwenye kipimo. Chanjo mpelekee binti yako kama unaye. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya linasema hata dozi moja inatosha kwa wasichana wengi wenye kinga nzuri, na Sweden walipowafuatilia wanawake wao, utafiti ukatoka 2020, waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na hii kansa pungufu kwa karibu asilimia 88. Naye akikua atapimwa vilevile.

La mwisho, ikitokea ukaitwa kwenye kile chuma. Hukulazimika kukaa kimya ile siku na hutalazimika safari hii. Kabla hujavua nguo mwambie atakayekupima: mara ya kwanza niliumizwa, naomba kidogo kabisa mlicho nacho. Vipo vya saizi tofauti, watu hawajui. Wanafunzi unaweza kuwakataa, hapo huna haja ya kutoa sababu. Omba kipashwe kwa maji ya uvuguvugu, omba ukiingize mwenyewe kama unataka, wapo wanaopenda hivyo na sisi hatuna shida, omba ndugu yako mmoja akae pembeni. Na mkubaliane kabla kwamba ukisema simama anasimama. Akikunja uso kwa hayo, vaa nguo zako uombe mwingine, usiende nyumbani, omba mwingine palepale.

Hedhi ikiisha mwezi huu ngoja siku mbili tatu alafu ufanye. Nambari ya kliniki iandike kwenye hilo boksi la kijiti kabla hujalifungua.